Kitambaa cha Kidevu

Mdogo wangu Leonardi alikuwa fundi wa makochi, Mtoni, Temeke. Mimi, yeye na mama yetu Bernadeta tulikaa nyumba moja, na karakana yake ilikuwa uani. Mwaka 1993 alianza kutengeneza sura ya zimwi, ya kuvaa usoni.

Kazi hiyo alipewa na Benson, kiongozi wa kikundi cha maigizo. Miaka ile watu walikuwa wamekimbilia vibanda vya video, ukumbi wa Benson ukabaki na viti vitupu. Akataka zimwi ambalo uso wake unacheza. Leonardi alichukua umbo la uso wake mwenyewe kwa plasta, akajenga juu yake kwa sponji ya makochi na mpira wa tyubu. Ndani akapitisha nyuzi za nailoni, kutoka kidevuni hadi mashavuni na kwenye nyusi. Ukiivaa ukafungua taya, nyuzi zinavuta: nyusi zinapanda, mashavu yanarudi nyuma, meno yanaonekana.

Aliijaribu Jumamosi moja mbele yangu, nikiwa nachambua mchele.

"Shikamoo, Dada Tekla," zimwi likasema, nyusi juu.

"Marahaba. Umeoga lakini?"

Jirani yetu Chausiku alicheka mpaka akakaa chini. "Leonardi, usilivue. Hilo lina afadhali."

Mama alicheka pia, kitandani, kwa upande mmoja wa mdomo. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kushoto.

Kasoro ilikuwa moja tu, mkanda wa kidevu. Leonardi alikuwa ameweka lastiki, nayo ililegea kila mara. Taya lilifunguka, uso ukachelewa kulifuata. Benson alisema atatafuta kitu cha kufaa.

Mama alifariki wiki mbili baadaye. Nilimfunga taya mwenyewe, kama tunavyowafanyia marehemu wetu ili mdomo usibaki wazi. Nilichana kipande cha shuka lake lenye maua ya njano, nikakipitisha chini ya kidevu, nikapiga fundo utosini. Asubuhi ya maziko, mwili ukishakakamaa, kitambaa kinafunguliwa na kulazwa ndani ya jeneza, pembeni ya kichwa. Ndivyo nilivyofundishwa. Lakini nilikuwa nalia, sioni vizuri. Benson alikuwa amesimama karibu, amevaa suti.

"Nipe, dada. Nitakiweka mimi."

Nikampa. Mungu anisamehe, nilimpa kwa mkono wangu.

Jumapili ya tatu baada ya maziko nilirudi kutoka misa ya pili, nikamkuta Leonardi uani amevaa zimwi. Jua lilikuwa kali. Amesimama wima, mikono chini. Mdomo wa zimwi ulikuwa unacheza polepole, kama wa mtu anayesali rozari.

"Mkanda umepatikana?" nikauliza.

Mdomo uliendelea. Nikaona unavutika upande wa kulia tu. Wa kushoto umelala.

Kisha nikasikia mnong'ono kutoka ndani, wa meno yaliyobanwa.

"Dada. Sijafungua mdomo."

Nikasogea. Nikainama. Chini ya kidevu niliona maua ya njano.

"Nani kakupa hiki?"

"Benson. Toa. Toa, dada."

Fundo lilikuwa utosini, kama nilivyolipiga mimi. Nikalivuta. Likakaza. Nikachukua mkasi wa makochi, nikakata. Sura ikaanguka kifudifudi. Leonardi alikuwa ameshaondoka pale, ameegemea ukuta. Lakini mchanga chini ya ile sura ulikuwa bado unatikisika.

Taya la mdogo wangu halikufunguka tena. Hospitali walisema pepopunda. Wakatafuta kidonda mwili mzima, hawakukiona. Siku tano alikunywa uji kwa mrija, kupitia pengo la jino. Hakuwahi kuniambia neno lingine. Siku ya sita alifariki.

Benson alikuja msibani. Alivaa suti ile ile. Nilimfuata mbele za watu.

"Ulikiiba kwenye jeneza la mama yangu."

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi. Sema ulichofanya."

Akaangalia chini, akanong'ona. "Mganga aliniambia uso ukifungwa kitambaa cha maiti utapata uhai. Sikujua utautoa wapi."

Hakujua. Mtu mzima, amekula chakula chetu, amebeba jeneza letu begani, anasema hakujua.

Paroko ameniambia nisamehe. Nasali Baba Yetu kila siku, na kila siku nikifika kwenye maneno hayo nanyamaza. Mungu anaona ninapoishia.

Siku ile ya msiba sikumruhusu mtu yeyote amfunge Leonardi taya. Nilimshika Benson mkono, nikamvuta mpaka chumbani, kwenye jeneza.

"Angalia."

Kwenye nyusi na mashavu ya mdogo wangu palikuwa na matundu madogo, mawili mawili, kama ya sindano ya makochi. Hayana damu. Siku zote tano nilimnawisha uso ule mwenyewe, asubuhi na jioni, na hayakuwepo. Benson alirudi nyuma, akatoka bila kuvaa viatu vyake.

Nikabaki peke yangu na Leonardi. Nilitafuta uzi ndani ya kila tundu, sikuuona. Lakini ngozi ya pale ilikuwa imevutwa kwenda juu. Niliibonyeza kwa kidole ishuke. Kuna kitu upande wa pili kikaivuta tena.