Kurasa Zilizofungiwa Kabatini

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaosoma huku mmeegemea ukuta, nipeni masikio kidogo. Kisa hiki ni cha nyumba moja tu, lakini mlango wake unafanana na milango yetu mingi.

Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba viwili na watu wawili, mama na binti yake. Mama alikuwa dobi katika hosteli ya wanafunzi, mikono yake ikinukia sabuni hata siku za mapumziko. Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili, akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi: misumari, bawaba, makufuli na rangi. Tangu utotoni walimwita Karani, maana hakuona jambo asiliandike.

Alasiri za nyumba ile zilikuwa tulivu. Mama alikaa mkekani akikunja nguo, na Karani mezani karibu na dirisha, mbele ya kompyuta yake. Siku moja mama alimsikia anacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Kuna mtu ameandika kwamba mji wake umezama mara tisa."

"Maskini. Watu wamekufa?"

"Mama, ni mchezo."

"Hata kama. Mara tisa ni nyingi."

Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa kujenga mji kando ya mto na kuulinda usikumbwe na mafuriko. Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani, na walioutengeneza walikwishausahau. Lakini walioupenda walikuwa wametapakaa dunia nzima, nao walikuwa na tovuti yao ya mashabiki, ambako mwenye kukwama huuliza na mwenye kujua hueleza. Tovuti hiyo iliendeshwa na watu sita wa kujitolea. Karani alikuwa mmoja wao. Alifuta matusi barazani, pale watu wanapojadiliana, akawajibu wanaoanza, akazikagua kurasa za maelekezo zilizotumwa na watu.

Na walikuwa na sheria yao. Ukurasa haupandishwi mpaka mkaguzi ayajaribu maelekezo yake yote ndani ya mchezo, hatua kwa hatua, kwa mkono wake. Mtu akiandika kwamba ukuta wa mawe unazuia mto, Karani huujenga ukuta huo, akangoja mvua inyeshe mle mchezoni, akaona. Kwa hiyo aliyemtazama kwa nyuma aliona msichana anacheza. Kumbe alikuwa anapima maneno ya watu yasije yakampoteza mtu.

Mama hakuyajua hayo. Wala Karani hakuwahi kukaa naye chini akamweleza. Liwekeni moyoni hilo, kwa maana kosa la nyumba hii lina wazazi wawili.

Alhamisi moja mama alirudi kazini mgongo ukimuuma vibaya. Alijilaza, akamwita binti yake amletee maji. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Karani alikuwa mezani, visikilizio masikioni, mgongo wake mlangoni, akibofya kama mtu anayepukuchua mahindi. Wakati huohuo wifi yake mama, dada wa marehemu mumewe, akabisha hodi na kuingia. Ndiye aliyemletea maji.

"Wifi," akasema huku akimkabidhi kikombe, "huyu mwanao umemwoza kwa mashine? Mbona sisi hatukualikwa?"

"Anafanya kazi zake za huko kwenye tovuti."

"Kazi? Anapata nini?"

"Anajitolea."

"Haya. Hata mbwa wa mlinzi hutupiwa mfupa. Huyu wako anabweka bure, tena kwa nyumba za watu asiowajua. Umri unakwenda, wifi. Mimi ni shangazi yake, nisiposema mimi atasema nani?"

Maneno hayo yalimwingia mama kama mwiba wa samaki, hayamezeki wala hayatemeki. Wifi alipoondoka, mama aliinuka na mgongo wake uleule, akaifunika kompyuta, akaichukua pamoja na simu ya Karani, akavitia kabatini na kupiga kufuli. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

"Mpaka Jumatatu," akasema.

Karani alivua visikilizio. "Mama, nisamehe kwa maji. Sikusikia, na nimekosa. Lakini si wiki hii. Kampuni inayotuhifadhia tovuti inafunga Jumamosi saa sita mchana. Kila kitu kitafutwa. Tumegawana kurasa ili kila mtu anakili zake tuzihamishe. Mimi nina mia na arobaini, nimemaliza sitini tu."

"Zitafutwa ziende wapi? Karatasi hazina miguu."

"Si karatasi, mama."

"Basi kama si karatasi ni nini hicho unachokililia?"

Karani akaviweka visikilizio mezani. Kisha akasema taratibu, "Wewe unafua mapazia ya nyumba ya ibada mwaka wa kumi na moja huu. Nani anakulipa?"

"Ananilipa Mungu. Huyo wa kompyuta ni nani?"

Hapo mazungumzo yakaisha.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipompenda binti huyu. Kufuli lile alilileta yeye mwenyewe kutoka dukani kwao. Ni aina ambayo wateja huirudisha kila wiki kwa sababu ukiligonga ubavuni kwa nyundo ndogo linaachia lenyewe. Karani alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na nyundo ilikuwa chini ya sinki. Alhamisi ikapita na Ijumaa ikapita, kurasa themanini zikimngoja, wala hakuligusa. Alifua, akapika, akamkanda mama mgongo kwa mafuta ya moto. Kununa hakununa. Ila hakula, na mama aliona.

Jumamosi saa tatu asubuhi mama alikuwa hosteli, ametia mashuka kwenye maji ya bluu, simu yake ndogo ikaita mfukoni mwa aproni.

"Samahani kwa kukusumbua," ikasema sauti nzito ya kike, yenye kukokota maneno. "Huko ndiko nyumbani kwa Karani? Namba hii aliiandika alipojiunga nasi. Mimi ndiye yule wanayeniita Kobe."

"Mimi ni mama yake."

"Alhamdulillahi. Basi niambie ukweli, mama. Mtoto ni mgonjwa?"

"Hapana. Mzima. Kwa nini?"

Kobe akapumua. "Miaka mitatu hajaacha swali la mtu lilale bila jibu. Tangu juzi kimya. Wenzetu tangu jana wanapekua kila mahali kumtafuta, hata kazi ya kuhamisha imelegea. Tulidhani tumempoteza."

Mama akalikalia beseni lililofunikwa. Kusema nimeifungia kompyuta kabatini kulikuwa na uzito gani mdomoni, ni yeye aliyejua.

"Wewe ni rika lake?" akauliza.

Kobe akacheka kidogo. "Mimi nilikuwa mkunga, mwanangu, nina wajukuu saba. Nilipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Mjukuu akanionyesha mchezo huu nipitishe muda, lakini unataka mikono miwili, nikashindwa. Nikaandika pale barazani kwamba mimi bibi wa mkono mmoja naaga, nawatakia heri. Binti yako akanijibu. Alikaa nami wiki sita. Yeye mwenyewe alifunga mkono wake wa kulia kwa kitambaa, akacheza kwa wa kushoto, ili ajue wapi nitakwama. Alikwambia hayo?"

"Hakuniambia."

"Basi tukaandika maelekezo ya watu wa mkono mmoja. Mimi niliandika, yeye akajaribu. Kurasa kumi na mbili. Wamenijia watu wengi kwa hizo, na wengine walikuwa wamekata tamaa ya maisha, si ya mchezo tu. Ziko katika fungu lake."

"Shikamoo, mama," akasema dobi, maana ndipo alipokumbuka kwamba hakumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mwalimu wangu tunamngoja."

Mama alimwomba msimamizi ruhusa, akayaacha mashuka majini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Njia nzima alitembea mguu mosi mguu pili, mgongo ukimkata. Alifika saa nne na nusu. Karani alikuwa anapiga deki.

"Acha hilo tambara," mama akasema, akihangaika na fundo la khanga. "Kobe amepiga. Kaa mezani."

Karani akaliacha tambara sakafuni. Aliinuka na mikono yake ya maji, akajifuta kwenye sketi, akakaa. Mama akafungua kabati, akamwekea kompyuta mbele yake, akavuta kigoda ubavuni.

"Nifanye nini mimi?"

"Nisomee orodha. Nikimaliza moja, wewe ikate kwa penseli, unitajie inayofuata."

Basi wakashika kazi, mama akisoma kwa sauti ya darasani, neno moja moja, kidole chini ya mstari. Madaraja ya mbao. Kata. Maghala na panya. Kata. Mfereji wa kaskazini. Kata. Mtandao ulikuwa mzito kwa sababu dunia nzima ilikuwa inakimbilia lango hilohilo. Ilipofika saa tano na nusu, kumi na tano zilibaki. Karani alikuwa anazifuata kwa mpangilio wa orodha, na za Kobe zilikuwa mkiani.

"Rukia za mkono mmoja," mama akasema.

Karani akabofya. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka. Wa kwanza ukafunguka, wakaunakili. Wa pili nao. Wa tatu ulizunguka mpaka saa sita kamili, kisha kioo kikawa cheupe kama shuka lililotoka kwenye kamba.

Kurasa kumi na tatu zilipotea, kumi kati yake zikiwa za mkunga wa mkono mmoja, aliyeziandika humohumo tovutini bila kubakiza nakala.

Mama aliiweka penseli. "Ni mimi," akasema. "Usitafute mwingine, ni mimi."

"Na mimi," Karani akajibu. "Ningekueleza tangu mwaka wa kwanza. Niliona utanicheka."

"Ningekucheka kweli."

Wakatazamana, wote wawili wakacheka, na huku machozi yanamtoka mama.

Jioni ile mama alimpigia Kobe mwenyewe. Hakuzunguka. Alisema kufuli lilipigwa na nani, na kwa nini. Kobe akasema kwamba ataandika upya, ila kwa mkono wa kushoto ukurasa mmoja humchukua wiki.

"Sema wewe," mama akamwambia. "Mimi nitaandika. Shule yangu ni ya msingi tu, lakini mwandiko wangu unasomeka."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, mama huketi na daftari la mistari, simu imeegemezwa kwenye kikombe, mkunga akisema na dobi akiandika. Wifi alipomkuta siku moja akamuuliza na yeye analipwa mifupa mingapi. Mama akamwambia, "Kaa, wifi, unishikie simu," naye akakaa.

Ukurasa wa kwanza ulipokamilika, mama alimkabidhi Karani kwa mikono miwili, akangoja sifa. Karani akaufungua mchezo, akajifunga mkono wa kulia kwa kitambaa, akafuata hatua moja baada ya nyingine. Kisha akarudisha daftari.

"Mama, hatua ya saba mji unazama."

"Mimi ni mama yako."

"Najua. Lakini unazama."

Mama akalichukua daftari, akatafuta kifutio, akampigia Kobe.

FUNDISHO

Ndugu zangu, kazi isiyo na malipo si kazi isiyo na thamani. Tusiipime kazi ya kijana kwa mfuko wake, bali tumuulize ni nani atalala na shida kesho yeye akiiacha. Na ukitaka kufunga mlango wa mtu, muulize kwanza kuna nini ndani, maana vingine havikungoji urudi na ufunguo.

Nanyi vijana, wema mnaowafanyia walio mbali usiwazibeni masikio kwa walio karibu. Mama akiomba maji, mpe maji. Kisha kaa naye umweleze unachofanya, hata akikucheka. Aliyeelezwa huwa msaidizi, na asiyeelezwa hubaki na kufuli mkononi.