Kitabu Kisicho na Kibao

Kitabu kile kilikutwa juu ya meza ya vitabu vilivyorudishwa, asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Aprili mwaka 1956, na hakuna mtu aliyekirudisha.

Fridolin alijua hakuna, kwa sababu ufunguo wa maktaba ulikuwa mmoja tu na ulikuwa mfukoni mwa kaptula yake. Alikuwa karani wa maktaba katika chuo kidogo cha ualimu cha misheni, pembeni mwa mji wa Ifakara. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye rafu sita, lakini ungemsikia akiizungumzia ungedhani ni Benki Kuu. Sheria za kuazima alizipenda kuliko watu wengine wanavyowapenda ndugu zao. Alikuwa ameziandika kwa mkono wake na kuzibandika mlangoni. Kitabu kikitoka, mahali pake rafuni husimama kibao cha mti chenye jina la mwazimaji. Siku ya kumi na nne kitabu hurudi, kibao hutoka.

"Rafu haipaswi kuwa na pengo," aliwaambia wanachuo kila muhula. "Pengo ni wizi."

Kitabu hiki kilikuwa kidogo, cha jalada jeusi la ngozi, na kilikuwa na unyevunyevu kama kitu kilichotoka majini punde. Kilinuka mgomba uliokatwa sasa hivi. Ndani mlikuwa na michoro ya miti, samaki na ndege wa bonde la Kilombero, mizuri ajabu, na chini ya kila mchoro maandishi ambayo Fridolin hakuyajua. Hayakuwa ya Kizungu, wala hayakuwa ya Kiarabu.

Kwa kitabu kisicho na mwenyewe sheria ilikuwa wazi. Kikae mezani siku kumi na nne, mwenyewe akingojwa, ndipo kigongwe mhuri wa chuo. Lakini Padri Mkuu alikuwa anakuja kukagua maktaba Alhamisi, na kitabu kizuri kama kile kingemletea karani sifa. Jumatano Fridolin akatazama huku na huku, akakigonga mhuri ukurasa wa kwanza. Mganga hajigangi, na mtunga sheria naye hajihukumu.

Ijumaa chuo kilifunga kwa likizo. Mwanachuo mmoja, Donati, akakiazima kile kitabu aende nacho kwao Mkula, akanakili michoro ya kufundishia.

Jumamosi mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri. Saa saba mchana, saa ambayo chuo kizima hulala, Fridolin alikuwa amejifungia maktabani kwa komeo la ndani, akipanga vibao. Akasikia sauti nyuma yake, katikati ya rafu.

"Hodi, mwalimu."

Aligeuka. Palisimama mtu mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni. Mvua ilikuwa inamwagika nje, na shati lake lilikuwa kavu kabisa, lakini sakafu aliyokanyaga ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yakienea taratibu kutoka miguuni pake.

"Maktaba imefungwa, bwana," alisema Fridolin. "Umeingilia wapi?"

"Niliacha kitabu changu hapa."

Fridolin angeweza kusema kweli, na mambo yangeishia pale. Lakini aibu ilimshika, na mtu aliyeshikwa na aibu hujificha nyuma ya cheo chake.

"Kitabu kikishagongwa mhuri ni mali ya chuo. Na sasa hivi kimeazimwa."

"Ulinisubiri siku ngapi?"

Fridolin alianza kupanga vibao upya.

"Na ulipokichukua, uliniachia kibao?"

"Kibao huwekwa hapa rafuni, bwana. Si kwa watu."

"Basi kwangu kuna pengo," mgeni alisema. Hakukasirika. Upole wake ndio uliomtisha Fridolin. "Sheria zako za mlangoni nimezisoma. Nimezipenda, zinafanana na zangu. Mimi pia nitaazima kitu chako, siku kumi na nne. Usihofu, mwalimu. Kibao nitaacha."

Radi ikapiga, Fridolin akafumba macho, na alipoyafumbua hapakuwa na mtu. Komeo lilikuwa bado limefungwa kwa ndani. Chumba chote kilinuka mgomba.

Alikimbia nyumbani bila kufunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Emerensiana, mkewe, alikuwa amelala kitandani chali, mikono ubavuni, macho wazi yakitazama dari. Huyu alikuwa mwanamke wa vicheko. Alikuwa akimtania mumewe kila alipompakulia wali, akimwambia, "Siku kumi na nne, baba, sahani irudi safi." Fridolin alimpenda kupita alivyojua kusema. Akamwita, hakuitika. Akamshika bega, akalikuta baridi, na zito. Alipumua, lakini pumzi ile haikuwa na joto, na ilipompata Fridolin usoni ilinuka shamba la migomba baada ya panga kupita.

Homa, walisema majirani, na Fridolin akashikilia neno hilo kwa mikono miwili, maana neno jingine hakuthubutu kulitamka. Dawa zilimiminwa mdomoni zikatoka pembeni. Mama yake Emerensiana, bibi mmoja mkimya aitwaye Klementina, alikuja kutoka upande wa pili wa mji kumwuguza, pamoja na shemeji yake, mzee Eustaki, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo.

"Baba," Klementina alimwambia mkwewe siku ya tano, kwa sauti ya chini na bila kumtazama usoni, "huyu hajafumba macho tangu nije."

"Nimeona, mama."

"Na nzi hawamsogelei."

Hilo nalo alikuwa ameliona. Na kila mchana saa saba, majirani wakiwa wamejilaza na hata kuku wamenyamaza chini ya ghala, Fridolin alisikia kutoka kitandani mlio mdogo, ndo, ndo, ndo, wa maji yanayodondoka mahali pasipo na maji, ndani ya kifua cha mkewe, na alijikaza asiusikie, akafungua redio, akaomba rozari kwa sauti, akatoka hata uani kwenye mvua, lakini mlio ulimfuata, kwa sababu aliujua, kila mtoto wa bondeni anaujua, ni mlio wa gogo la mgomba linapodondosha maji baada ya kukatwa.

Siku ya kumi na mbili alikwenda kumwita Bibi Serafina, mganga wa Kindamba aliyekaa karibu na mto. Alikwenda kwa kificho, maana alikuwa mtu wa misheni. Bibi alimtazama mgonjwa kitambo, akachukua mwiba, akamchoma kisiginoni. Damu haikutoka. Yalitoka maji meupe, tone moja, likaanguka kwenye shuka, na kabla bibi hajamaliza kufunga kitenge chake doa lile lilikuwa limegeuka hudhurungi, lile doa ambalo hata ufue kwa sabuni gani halitoki.

"Utomvu," Klementina alinong'ona, akashika mdomo.

"Huyu si mgonjwa," alisema Bibi Serafina. "Hili ni gogo. Mwenyewe amechukuliwa, hili limewekwa mahali pake ili msione pengo. Ulichukua nini cha watu, mwanangu?"

Fridolin aliketi sakafuni. Alieleza yote, mpaka mhuri, huku akilia waziwazi mbele ya mama mkwe wake.

"Kirudishe kitabu, kwa mkono wako. Na nisikilizeni wote wawili. Gogo hili msilizike, hata likinyauka, hata likioza. Mahali pake pasifunikwe na udongo. Mkipafunika, na yeye akirudi?"

Akaokota mwiba wake, akaondoka.

Ijumaa alfajiri Fridolin alipanda baiskeli kwenda Mkula. Mlangoni aligeuka. "Mama, nakusihi. Mtu asizikwe mpaka nirudi."

"Nimesikia, baba."

Barabara ilikuwa matope matupu. Kwenye mito aliibeba baiskeli kichwani, maji yakimfika kifuani, na alifika Mkula jioni, miguu haimbebi. Donati alimpokea kwa shikamoo, na kabla hajaulizwa akamletea kitabu, kimefungwa kwenye gunia.

"Kichukue, mwalimu. Nilikuwa nangoja likizo iishe kwa hamu. Nikimnakili samaki leo, kesho ameshahamia ukurasa mwingine."

Jumamosi, siku ya kumi na nne, Fridolin aliingia Ifakara saa saba mchana. Hakupita nyumbani. Aliijua saa ile ilikuwa ya nani, akaenda moja kwa moja maktabani.

Mgeni alikuwa ameketi kwenye kiti cha karani. Alikipokea kitabu, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaupapasa mhuri kwa kidole kirefu, kama mtu anayepapasa kovu la mtoto wake.

"Umekiharibu," alisema.

"Nisamehe, bwana. Nimekosa. Nirudishie mke wangu."

"Nimekwisha kumrudisha." Mgeni alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Siku zilitimia alfajiri. Nilimlaza pale pale nilipomtoa, nikachukua gogo langu. Alikuwa na usingizi mzito, huwa hivyo, huchukua saa kadhaa kuamka. Hukuwepo kumpokea?"

Fridolin aligeuka kuutazama mlango.

"Mwalimu, mimi naazima katika bonde hili tangu babu wa babu zenu," alisema mgeni, akiinuka, "na sijawahi kuchelewesha hata siku moja. Mimi hurudisha. Ninyi ndio hamngoji."

Kengele ya kanisa ikaanza kulia, pigo moja, kimya, pigo moja, kimya, na Fridolin alitoka mbio akiacha baiskeli, akiacha viatu kwenye matope ya uwanja wa chuo, akipita nyumba yake ambayo mlango wake ulikuwa wazi na ndani hamna mtu ila sufuria kubwa za msibani, akipita duka la Mwarabu, akipita watoto waliomkimbia kwa jinsi alivyokuwa akipiga kelele bila kujua anachosema, mpaka makaburini nyuma ya kanisa, akawakuta wanaume wamevua mashati, wimbo umefika ubeti wa mwisho, na udongo umefika nusu ya shimo.

"Acheni! Yuko hai! Fukueni!"

Aliruka shimoni. Wakamtoa. Akaruka tena, wakamkamata wanne, kwa upole, kama anavyokamatwa mfiwa ambaye uchungu umempanda kichwani. Kila mmoja pale alikwisha kumwona mtu wa namna hiyo, na dawa yake ni kumshika tu mpaka kaburi lijae.

"Kaza moyo, mwanangu," alisema mzee Eustaki. "Amekata roho alfajiri. Macho yalijifumba yenyewe, uso ukalegea, akawa mzuri kama zamani. Tungemweka mpaka lini, kwa joto hili? Leteni udongo, vijana."

"Alitoa chozi."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini majembe yalisimama. Alikuwa Klementina, amesimama peke yake ukingoni.

"Shemeji, nyamaza," alisema Eustaki. "Tumeshasema ni maji ya kuoshea."

"Maji ya kuoshea yalikuwa ya baridi. Nilimpangusa uso, likatoka chozi. Nikapangusa, likatoka jingine. Lilikuwa la moto, shemeji. Nikawaambieni. Mkaniambia wanawake wana maneno mengi, nami nikanyamaza." Alimgeukia Fridolin. "Nilimwahidi huyu kijana, na nikanyamaza."

Hapo ndipo kila mtu aliposikia. Kutoka chini, chini ya udongo na mbao za jeneza, mtu aligonga mara tatu.

Watu walikimbia. Padri alikimbia, mzee Eustaki alikimbia na fimbo yake akaiacha. Wakabaki wawili, mtu na mkwewe, ambao kwa miaka sita hawakuwahi hata kupeana mkono, wakaingia katika shimo moja, bega kwa bega, Fridolin kwa jembe na Klementina kwa kucha, bila kusemezana, mpaka jembe likagonga mbao.

Emerensiana alikuwa hai. Kucha zake zilikuwa zimekatika na sanda ilikuwa na damu, damu nyekundu, ya mtu. Alikuwa wa moto. Fridolin alimkumbatia akilia na kucheka, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumpa, na Klementina akapiga magoti kwenye udongo akimshukuru Mungu kwa sauti, akisema asante, asante, asante.

Emerensiana akanyoosha mkono, akamziba mama yake mdomo.

"Nyamaza, mama," alinong'ona. "Nyamazeni kidogo, nisikie."

Wakanyamaza. Mvua ilikuwa imekatika. Aliinamisha kichwa upande, sikio lake likigusa ukuta wa shimo.

"Wako wengine," alisema. "Nilipokuwa nagonga, walikuwa wananijibu."

Klementina hakuuliza wangapi. Msalaba wa tatu kutoka pale ulikuwa wa Viktor, kitindamimba wake, aliyezikwa kwa homa Kwaresima ya mwaka jana. Klementina akapanda kutoka shimoni, akaokota jembe.