Kabla Waya Haujachomolewa

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, Sisimizi alikuwa na shughuli moja kabla ya kwenda nyumbani. Aliingia chumba cha kompyuta, akaunganisha diski ya akiba na kunakili humo kazi zote arobaini za watahiniwa. Kisha alichagua tatu, akazifungua moja moja kuona kama zinasomeka. Mwisho aliandika daftarini, "Nimefungua, zimefunguka," akatia sahihi. Jina la Sisimizi alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa kuwa alikuwa na umbo dogo na hachoki kazi. Nalo lilimpendeza, maana nani hapendi kusifiwa?

Mambo yaliharibika ulipoanza msimu wa mpira wa pete, kwa sababu mazoezi yalikuwa Alhamisi hiyohiyo. Wiki ya kwanza Sisimizi alinakili, akaona majina ya kazi zote yamejipanga vizuri kwenye kioo, akajiambia kwamba hayana kasoro. Aliandika yale maneno yake bila kufungua chochote, akakimbilia uwanjani. Wiki ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Ya tatu hata hakukumbuka kwamba anadanganya.

Jumatatu asubuhi, mwalimu wa kompyuta alitangaza jaribio. Mama huyu alikuwa fundi wa mitambo miaka mingi kabla ya kufundisha, na wanafunzi walimwita Mwalimu Chomoa, tena mbele yake, naye akicheka. Kila muhula alichomoa waya wa diski kuu kompyuta ikiwa katikati ya kuhifadhi kazi, aone itaamka vipi na nini kitapotea. Alisema umeme haupigi hodi ukitaka kukatika, na diski haiagi ikitaka kufa, hivyo ni afadhali kuharibikiwa siku uliyoichagua mwenyewe. Siku hiyo alichagua saa nne.

Sisimizi alizikumbuka mara moja zile Alhamisi tatu. Dada yake alikuwa mmoja wa watahiniwa. Mwaka mzima dada huyo alipima mvua nyuma ya nyumba kwa chupa iliyokatwa mdomo, kila asubuhi, hata siku alizokuwa na homa. Vipimo vyote alivichapa kwenye kompyuta ya shule, na karatasi zake akazichana. Kazi nyingine ungeweza kuirudia. Mvua ya mwaka jana hainyeshi tena.

Wakati wa mapumziko alikwenda kuichungulia ile diski ya akiba, akakuta mlango umefungwa. Alimweleza rafiki yake wa karibu, naye akamshauri anyamaze. Nakala bila shaka ni nzima, alimwambia, na akijisema mwenyewe ataaibika bure. Maneno hayo yalikuwa matamu, lakini moyo wa Sisimizi uliyakataa. Alikuwa anaogopa, na alijua anachokiogopa.

Saa nne chumba kilijaa. Dada yake ndiye aliyeombwa kuketi kwenye kompyuta na kuhifadhi kazi yake wakati waya ukichomolewa, naye alikubali akitabasamu. Mwalimu aliinua daftari, akasema mtoto huyu hajakosa hata Alhamisi moja. Watu wakapiga makofi. Sisimizi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu akachuchumaa, akaushika waya.

"Mwalimu, usichomoe."

Mwalimu hakuinuka. "Kwa nini?"

"Sikuzifungua. Wiki tatu, Mwalimu. Niliandika tu."

Dada yake aligeuka akamtazama, na lile tabasamu halikuwapo tena. Mwalimu aliuachia waya polepole. Hakukaripia, na hilo lilimtisha Sisimizi kuliko kukaripiwa. Mwalimu aliunganisha diski ya akiba, majina yote arobaini yakajitokeza. Kazi ya kwanza ilifunguka. Ya pili pia. Sisimizi alianza kupumua. Kisha mwalimu akafungua kazi ya mvua, na kioo kikabaki cheupe. Alijaribu tena, kikabaki vilevile. Walipomaliza kuzipitia zote, kazi kumi na moja zilikuwa tupu. Diski ya akiba ilikuwa inakufa taratibu, na aliyepaswa kujua alikuwa uwanjani.

Mwalimu aliazima diski mpya ofisini kwa mwalimu mkuu. Sisimizi alinakili upya, akafungua kazi zote arobaini, kila mtahiniwa akisoma yake mpaka ukurasa wa mwisho. Dada yake alisoma mvua zake mwezi baada ya mwezi, bila kumsemesha. Walimaliza alasiri.

Hapo mwalimu akamwambia dada aanze kuhifadhi, akauchomoa waya. Kompyuta ilizimika. Ilipowashwa ilijikagua muda mrefu, watu wote wakiikodolea macho, kisha ikaonyesha kazi thelathini na tisa. Kazi ya mvua haikurudi. Dada alifunika uso kwa viganja. Mwalimu akaunganisha diski mpya, na Sisimizi akaifungua nakala. Januari ilikuwapo. Desemba pia ilikuwapo.

Dada alimvuta karibu. "Ungenyamaza, sijui kama ningekusamehe," alisema. "Kweli sijui."

Mwalimu alisubiri watulie. "Mpira si kosa," alimwambia Sisimizi. "Kosa ni kuandika kazi ambayo hukuifanya. Sisi tukalala usingizi tukidhani tuko salama. Na mimi nimekosa. Nililiamini daftari bila kufungua hata kazi moja. Kuanzia wiki hii tutafungua pamoja, na mazoezi yatasubiri."

"Ndiyo, Mwalimu. Naomba radhi."

"Nimekusamehe. Lakini shika hili, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo umesema waya ukiwa bado mkononi mwangu, ndiyo maana ukweli wako umetusaidia. Ukweli ni dawa, na dawa hunywewa mgonjwa akiwa hai."