Aliyeitikia kwa Jina la Loth

Alhamisi ya tarehe 4 Desemba, saa tisa na dakika kumi alasiri, mvua ikipiga bati, Avelina aliona kwenye ukurasa wa duka mtandaoni video ambayo yeye hakuipandisha. Kaka yake Loth alikuwa akicheza mbele ya kioo cha duka lao la nguo za kiume, hapo mjini Sumbawanga, amevaa suti ya rangi ya damu ya mzee, anatania kama kawaida yake: "Krismasi hii ukitinga hii, baba mkwe atakupa mke na ng'ombe wa kurudi naye!"

Loth alizikwa Agosti, baada ya pikipiki kumtupa kwenye mteremko wa kwenda Muze. Suti ile ilikuwa mzigo mpya, ilishuka kwenye basi Jumatatu hii.

Avelina aliirudia video. Mkono wa kushoto wa koti ulipungukiwa kifungo kimoja. Akaenda kwenye henga, akalishika koti lenyewe. Kifungo hakipo. Na kola ilikuwa mbichi, inanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Angeweza kuifuta. Kidole kikagoma. Tangu Agosti hakuwa amemsikia kaka yake akisema utani mpya.

Wateja hawakujua msiba. Loth ndiye aliyekuwa duka. Watu walifuata vichekesho kwanza, suruali baadaye. Baada ya mazishi Avelina, pamoja na shahada yake ya biashara, aliogopa msimu wa sikukuu usije ukawapita, akaendelea kupandisha video za zamani. Mtu akiandika, "Loth, upo mshikaji?" alijibu kwa jina la kaka yake: "Nipo. Karibu." Hakuona ubaya. Kusema kweli, ilimliwaza.

Video mpya zikaja kila siku, na wateja nyuma yake. Masalu, mfuga ng'ombe aliyetaka koti la harusi, aliingia akicheka.

"Dada, mwambie Loth leo kanifanya nimemwaga maziwa! Ila mbona anakonda hivyo? Mnamnyima ugali?"

"Nitamwambia," Avelina alijibu, akageukia ukutani.

Nyumbani, mtaa wa Malangali, mama yao, Bertilla, ambaye tangu mazishi chakula hakikumpita kooni, alikutwa amekumbatia simu, sahani imesafishwa.

"Mama, unaangalia nini?"

"Mwanangu huyu. Anasema anasikia baridi. Ananiita nikamchagulie rangi."

Avelina akaiokota sahani. Kama uongo ule ulimlisha mama, basi uendelee. Lakini alipomshika mama mkono, mkono ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na chini ya kucha kulikuwa na udongo.

Kesho yake mchana ukungu ulishuka hadi madirishani, umeme ukakatika, na Avelina, akikunja mashati gizagiza, alisikia nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo sauti ya mama yake ikinong'ona, mama ambaye alimwacha nyumbani amelala, na sauti nyingine ikimjibu taratibu, ile ile iliyokuwa ikimtania tangu utotoni, isipokuwa kila baada ya neno ilitulia kidogo kana kwamba inatafuta linalofuata, na harufu ya kaburi ikapanda hadi akaionja ulimini, naye akasogea hatua kwa hatua, akavuta pazia, akamkuta mama amesimama peke yake na kitenge chake cha kanisani, kimelowa chepechepe, mkono ameunyoosha mbele, na vidole vimebonyea kama vya mtu aliyeshikwa.

"Funga," mama alinong'ona. "Unampulizia baridi."

Jioni hiyo hiyo shangazi yao, Coleta, mganga wa Muze, ambaye Avelina alimpigia simu, alifika dukani kwa bodaboda, mabuti yamejaa tope.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani alikuwa akiitikia jina la marehemu?"

Avelina akainamisha kichwa. "Mimi."

"Kwetu jina la marehemu halijibiwi mpaka lipate mrithi. Likiitwa, tunanyamaza. Wewe umeitikia, mlango umefunguka, na anayepita humo si yule mliyemzika. Ni jini. Amemvaa kaka yako."

"Mbona anajua utani wake?"

"Si wewe uliyempandishia wote humo kwenye simu?"

Avelina akaitazama simu mkononi.

"Mama yako hatamaliza wiki," Coleta alisema, akipuliza makaa ya chetezo. "Nitafukiza, ila moshi peke yake hautoshi. Aliyeitikia ndiye wa kukanusha. Waambie wote waliokuwa wakimwita."

Avelina akasimama mlangoni, akawasha kamera ya simu, mubashara kwenye ukurasa wa duka. Tangu Agosti alikuwa amesema "ametutoka," amesema "hayupo." Neno lenyewe hakuwahi kulitamka.

"Ave," sauti ikaja kutoka nyuma ya pazia. Loth tu ndiye aliyemwita hivyo. "Ave, usinifanyie hivi. Ngoja Krismasi ipite."

Mama akapiga yowe, akataka kukimbilia pazia, Coleta akamkumbatia. Na Avelina, meno yakigongana, moshi ukimwasha macho, huku sauti ile ikimsihi, ikicheka, ikirudia vichekesho vyote ovyo ovyo, kimoja juu ya kingine, mpaka vikawa kilio, alitazama kamera akasema:

"Kaka yangu Loth amekufa."

Pazia likaanguka. Sakafuni ilibaki suti ya damu ya mzee, imejaa udongo mikono na miguu. Kwenye ukurasa hapakubaki video hata moja, wala zile za kweli.

Asubuhi iliyofuata Avelina hakufungua duka. Alipika uji wa ulezi, akaketi kitandani kwa mama yake, ambaye mikono yake ilikuwa imerudiwa na joto, na midomo ameifumba tena. Akamsogezea kijiko.

"Na Loth?" mama aliuliza. "Kala?"



"Loth amekufa, mama."

Akakipuliza kijiko, akangoja.