Mrija wa Tatu

Asubuhi hiyo unga wa mrija wa tatu ulikuwa umeyeyuka wenyewe, na mashine ilikuwa haijawashwa.

Mpimaji wa maabara hiyo aliitwa Nukta, kwa sababu alikuwa radhi kugombana na mtu kutwa nzima kwa ajili ya nukta moja ya desimali. Jina lilimkaa vizuri, ila lilikuwa na uongo ndani yake. Sheria yao ilitaka kila unga ujazwe kwenye mirija mitatu ya kioo, myembamba kama njiti, kisha kila mrija upashwe moto polepole mpaka unga uyeyuke. Sasa tuseme ukweli: miwili ya kwanza ikikubaliana, nani ana subira ya kuukodolea macho wa tatu kwa dakika arobaini? Nukta aliuandika kutoka kichwani. Wenzake pia. Huo ndio uvivu wa wasomi, unavaa koti jeupe.

Jana yake aliletewa unga mweupe wa kuwekwa kwenye ghala la mabati, ambalo mchana linachemka. Ukiyeyuka chini ya nyuzi sitini, mvuke wake unaua. Mtunza ghala alikuwa dada yake Nukta, tumbo moja. Mrija wa kwanza ulisoma themanini na nne. Wa pili, themanini na nne. Wa tatu akauandika hivyo hivyo, akatia saini, na jioni mapipa mia mbili ya unga huo yakaingizwa ghalani kwa dada yake.

Sasa ule wa tatu alikuwa ameushika mbele ya dirisha. Chumba kilikuwa baridi, lakini unga umekuwa mafuta, tena mafuta yenyewe yalikuwa yanapanda juu. Yalinuka nywele zilizoungua.

"Jana huu ulisoma ngapi?" Mama Mizani, mpima uzito wa sampuli, alikuwa nyuma yake, akinong'ona.

Nukta aliugeuza mrija kichwa chini.

"Nakuuliza wewe."

"Sikuupima, mama."

"Ee Mungu wangu! Hilo ni jini, na umelitia saini. Lipime sasa hivi."

Aliuchomeka kwenye mashine. Moto ulipopanda, mafuta yaliganda yakawa meupe tena. Nyuzi themanini na nne, yameganda. Nyuzi mia mbili, bado magumu kama jino. Alizima mashine, na joto liliposhuka kitu kikaanza kugonga ndani ya kioo, tk, tk, tk, polepole kwanza, kisha haraka, na kadiri namba zilivyoshuka ndivyo harufu ile ilivyozidi kuwajaa puani, mpaka zilipofika thelathini na saba, joto la mwili wa mtu, unga ukalegea wote kwa mara moja na sauti kavu ikatoka kwenye tundu la mashine ikisema, "Umeniandika bila kunipima."

Simu ikaita. Alikuwa dada yake.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini sana, "haya mapipa yako yana joto, kama ngozi ya mtu. Na kuna anayegonga humo ndani. Kaka, ananiita kwa jina."

"Toka!"

"Ngoja kwanza nifunge..."

"Usifunge kitu! Toka nje!"

Nukta alikimbia hadi kwa mkuu wa maabara akakiri yote, na mkuu akamtukana matusi ambayo hayaandikiki. Lakini ghala likafungwa na mapipa yakahamishwa na watu waliofunika nyuso. Dada alikutwa ameanguka mlangoni, anapumua, akapelekwa hospitali. Mama Mizani hakumruhusu Nukta kwenda huko kabla hajapima upya. Alimkalisha kwenye kiti, akajaza mrija mwingine, akasimama juu yake kama askari. Dakika arobaini Nukta hakupepesa macho. Themanini na nne. Aliandika alichokiona. Kugonga kukakoma, harufu ikaisha, na kwa faraja wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

"Limeondoka," alisema Mama Mizani.

Hakusema limekwenda wapi.

Saa nane mchana Nukta alikuwa kando ya kitanda cha dada yake. Dada alikuwa amelala kwa utulivu, rangi imemrudia. Nukta alimshika mkono akamwomba msamaha moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni. Kisha akaitazama karatasi ya joto iliyoning'inia kitandani. Asubuhi, thelathini na saba. Mchana, thelathini na saba. Jioni, thelathini na saba.

Aliisoma tena.

"Nesi," aliita, "hii ya jioni kapima nani?"

Nesi alikuwa anaandika karatasi ya kitanda cha pili. Hakuinua hata kichwa. "Si itakuwa ileile tu, kaka yangu? Mbili zimefanana. Nimejaza kabisa nisije nikasahau."

Harufu ya nywele zilizoungua ilipanda kutoka kwenye shuka, na mkono alioushika Nukta ukaanza kulegea, laini kama mshumaa uliosahauliwa juani, huku ukucha wa mkono mwingine ukigonga chuma cha kitanda, tk, tk, tk, mpaka dada yake akafumbua macho, yakampita Nukta kana kwamba hayupo, akamtazama nesi.

"Umeniandika," alisema kwa sauti kavu, "bila kunipima."