Nilivyoficha Kidonda cha Dezi

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina mume na watoto wanne. Nyumbani ni upande wa Bomet, si mbali na Longisa. Haya ninayoyaandika yalitokea miaka miwili iliyopita, na nimeyabeba moyoni mpaka yamenichosha... Wasomaji wenzangu, msinihukumu kabla hamjafika mwisho. Mkifika mwisho, hukumuni mtakavyo!

Kwanza mnijue. Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu mzazi alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi. Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Leo sicheki.

Ng'ombe wetu aliitwa Dezi. Jina hilo alikuja nalo kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akiuza mifugo yake arudi kwao. Mama mkwe wangu, ambaye watoto walimwita Kogo, yaani nyanya, aliuza ng'ombe wanne wa kienyeji ili amnunue huyo mmoja wa gredi. Wanne! Majirani walimcheka. Lakini Dezi alipozaa na kuanza kujaza ndoo asubuhi na jioni, wale waliocheka ndio waliokuja na vibuyu kuomba maziwa. Kogo hakuweza hata kulitamka jina hilo vizuri, alisema "Tesi", na Dezi aliitika.

Macho ya Kogo yalipoanza kuingia ukungu, alinikabidhi kamba ya Dezi mbele ya mume wangu. Alisema kwamba hana mali nyingine duniani, na kwamba anamweka mikononi mwangu mimi, si mwa mwanawe. Mke gani asiyejua uzito wa jambo kama hilo?

Mume wangu, Kiplang'at, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Kericho, akija nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili. Jumapili moja alinisema mbele ya wageni kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Nilinyamaza, lakini niliamka Jumatatu bado nachemka.

Nilikuwa nimekata majani ya nepia ya kumlisha, nikaweka panga kando na kukaa kukamua. Ndoo ilikuwa karibu kujaa. Nzi akamuuma Dezi, Dezi akarusha teke, maziwa yote yakamwagika! Niliinuka, nikaokota panga, nikamrushia.

Nilitaka limpige kwa ubapa tu... Panga halina masikio. Liligeuka hewani likamkata mguu wa nyuma, juu kidogo ya kwato, mkato mrefu ulionyooka. Damu ilichuruzika ikachanganyika na maziwa pale chini. Dezi hakulia. Alinigeukia na kunitazama tu, na mimi nikaanza kutetemeka.

Kogo aliita kutoka ndani akiuliza kuna nini. Mdomo wangu ulijibu kabla ya akili. Nilisema ni waya. Waya wa Nyaboke!

Nyaboke alikuwa jirani yetu, Mkisii, ambaye mume wake alikuwa kiwanda kimoja na mume wangu. Walikuwa wamekodi kipande cha shamba kando yetu, naye alizungushia sukuma wiki zake waya wa seng'enge kwa sababu ya mbuzi. Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho, mwanamke huyo alinipikia uji wa wimbi wiki nzima bila kuitwa. Huyo ndiye niliyemtupia lawama... Nilikuwa na moyo gani mimi?

Basi nilianza kutibu. Kumwita daktari wa ng'ombe sikuthubutu. Nilichemsha maji ya chumvi, nikaacha yapoe kidogo, nikaosha kidonda asubuhi na jioni. Nilipaka utomvu mchungu wa mshubiri, nikafunga kwa kitambaa cha mfuko wa unga nilichokifua na kukianika juani, nikiangalia nisikaze sana damu ikashindwa kupita. Zizi nililifagia kila siku ili asikanyage matope. Nilimtibu vizuri. Nilikuwa nikimwomba msamaha kwa mikono, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshaharibu.

Lakini Jumatano ilikuwa siku ya josho!

Kwetu kila Jumatano ng'ombe wote wa kata hupelekwa kuogeshwa dawa ya kupe. Wanaume husimama pale kwenye ukingo wa saruji wakichunguza kila mnyama, huyu amekonda, yule ana mimba. Ningempitisha wapi Dezi na kitambaa mguuni? Wangefungua waone. Mfugaji yeyote anajua kwamba seng'enge huchana ngozi vipande vipande. Panga hukata mstari. Kabla ya jua kutua, Kogo angekuwa ameambiwa.

Mnajua nilifanya nini? Nilimtoa Dezi kwa kamba kama kawaida, nikamwambia Kogo tunakwenda josho. Tulipofika kwenye miti ya miwati nikakata kona kuelekea mtoni. Huko nilimmwagia maji kwa karai kuanzia pembe hadi mkia, nikakaa naye kivulini mpaka ng'ombe wa wengine walipoanza kurudi. Kisha tukarudi, Dezi amelowa chapachapa, na mimi nampigia mluzi!

Jumamosi mume wangu alipofika alisikia habari ya waya. Hakuniuliza mara mbili. Alivuka mpaka akamkuta Nyaboke akichuma mboga.

"Ng'oa hii waya yako leo! Imekata ng'ombe ya mama yangu."

"Baba Cherono, ng'ombe yenu haijawahi guza hii waya," Nyaboke alisema. "Uliza mama ya watoto."

Wote wawili wakanitazama. Nikainama nikaanza kumfunga mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe hakuwa analia...

Nyaboke aling'oa waya wake kwa mikono yake. Wiki hiyohiyo mbuzi walimaliza sukuma wiki zote. Kanisani akahama benchi letu akakaa nyuma.

Jumatano ya pili nikaenda mtoni tena. Safari hii tuliporudi, Kogo alikuwa amekaa nje. Aliniambia nimsogeze Dezi karibu. Akapitisha kiganja mgongoni mwa ng'ombe, akakinusa.

"Leo Tesi hanuki dawa," alisema.

Nilijibu kwamba mvua imetunyeshea njiani. Kogo aliinua uso kuelekea mbinguni. Jua lilikuwa linawaka... Aliniuliza kama mvua hiyo ilinyesha upande wetu tu. Nikasema ilinyesha kule ng'ambo ya josho. Aliinuka akaingia ndani, na mimi nikamshukuru Mungu kwa macho yake mabovu. Sikia hilo! Nilimshukuru Mungu!

Kwa nini sikusema kweli siku hiyo? Nilijiambia zimebaki wiki mbili tu. Kidonda kikifunga, nitampeleka josho kama watu wengine, na hakuna atakayejua. Jumatano ya tatu nikarudi mtoni. Kidonda kilikuwa kimekauka, nyama mpya imejaa. Nilikuwa karibu kushinda!

Siku sita baadaye Dezi alikataa majani. Maziwa hayakufika hata nusu ndoo. Nilimgusa masikio, yalikuwa moto. Chini ya sikio nikakuta uvimbe mkubwa kuliko yai la kuku. Nikafunua sikio lenyewe... Ee Mungu wangu! Kupe walikuwa wamejazana mle ndani, wamevimba kwa damu.

Niliwang'oa mmoja mmoja mpaka vidole vikauma. Nilikuwa nimechelewa. Jumamosi mume wangu alimkuta Dezi anapumua kwa shida, machozi yanamtoka. Jumatatu akaja na daktari wa mifugo.

Daktari aliinama kwanza kwenye mguu. Alifungua kitambaa akatazama kwa muda mrefu. "Hii kidonda imetunzwa vizuri sana," alisema. "Nani ametibu?"

Mume wangu akasema ni mimi mkewe, na alisema kwa fahari. Kwa fahari, wasomaji!

Kisha daktari akapapasa ule uvimbe, akasimama. Aliuliza Dezi aliogeshwa mara ya mwisho lini. Kogo alikuwa amesimama nyuma yangu akishikilia mlango wa zizi. Nikasema... mwezi mmoja sasa. Nikasema niliogopa dawa ya josho itamuunguza kidonda.

Daktari alitikisa kichwa. Alisema ni homa ya kupe, na kwamba ikishafika kwenye mapafu hana dawa ya kuiponya. Dezi alikufa Jumatano asubuhi, povu puani, ng'ombe wa majirani wakipita barabarani kwenda josho.

Watu walikuja kugawana nyama. Mimi sikuweza kumeza. Kogo aliomba aongozwe hadi ulipolala ule mguu. Alipapasa kovu kwa kidole kimoja, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Halafu akanigeuzia uso.

"Mtoto wangu," alisema kwa sauti ambayo mume wangu hakuisikia, "waya gani huu unaokata hivi?"

Nikamshika mkono nikamrudisha ndani. Hakuuliza tena. Aliishi nasi miezi saba zaidi, akinywa chai ya rangi, kisha akatutoka. Alijua, naye hakumwambia mwanawe. Je, alikuwa akinihurumia, au alikuwa akiningoja? Swali hilo linanila kila siku.

Mume wangu alinisamehe ule ujinga wa josho. Lakini hakumsamehe Nyaboke. Aliwaambia watu wa kanisa na wenzake wa kiwandani kwamba chanzo ni seng'enge ya Mkisii, bila ile waya ng'ombe angekuwa hai. Maneno yakawazidi. Mwisho wa mwaka Nyaboke na mume wake walifunga vyombo wakarudi kwao. Nilisimama kwenye michai yetu nikiwaona wakipakia, nikiwa na kikapu mgongoni. Alinitazama mara moja tu. Ningepiga kelele pale, ningesema kila kitu! Nikaendelea kuchuma.

Ndugu zangu, hasira ilimkata Dezi mguu, na mguu ulipona. Kilichomuua ni aibu yangu. Wewe unayesoma, kama umekosea, sema siku hiyohiyo, ukiwa bado unatetemeka. Mbele ya wanaume wa josho ningeaibika mchana mmoja. Ona sasa nimepoteza nini! Nawasihi, msipite nilikopita.

Leo ni Ijumaa. Kiplang'at anafika kesho. Hajui lolote kuhusu panga, na Nyaboke bado analaumiwa mpaka leo. Nimeapa kwamba barua hii haitaingia posta kabla sijaketi mbele ya mume wangu na kumsomea yote, neno kwa neno. Kwa hiyo kama mnaisoma, jueni kwamba yeye aliisikia kwanza.