Siku Tuliyomnyima Mkuu wa Chuo Salamu

Nina miaka arobaini na saba. Ni seremala, nakaa Changamwe, na elimu yangu iliishia kitabu cha pili. Mkiona maandishi yamepinda, nistahimilini. Haya nitakayosema sijapata kuyatamka yote hata mbele ya padre... Leo nayatema, maana yananiozea ndani.

Wakati wa vita vya Hitla nilikuwa nafundisha useremala katika chuo kidogo cha misheni huku kwetu, ambako vijana walisomea ualimu. Nasema nafundisha, lakini cheti sikuwa nacho. Walimu wenzangu waliniita Fundi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniita Mwalimu, naye ni Mkuu wa Chuo, Mzee Yeremia. Ndiye aliyenitoa kwenye kugongomea masanduku bandarini, akanipa chaki mkononi.

Mwaka ule katika chumba cha walimu neno lilikuwa moja tu. Mzee atakaa mpaka lini? Halmashauri ya misheni ilikuwa imempa miaka miwili tena, na mmoja ulikuwa ushakwisha. Wengine walisema ataongezewa. Wengine walisema hataimaliza, ataletwa mgeni kutoka Nairobi mwenye kudai vyeti. Chai ilipoa vikombeni kwa mazungumzo hayo. Mimi nilijitia kuchonga penseli. Mgeni akija, wa kwanza kuulizwa cheti ni nani?

Kumbe siri ya Mzee ilikuwa kwangu peke yangu.

Siku moja aliniita ofisini nimpigie randa ukingo wa meza. Nikamwona anapapasa kalamu iliyokuwa mbele yake. Nikamsogezea. Akacheka kidogo, akaniambia macho yake yamebakiwa na ukungu tu, watu anawajua kwa sauti.

"Ngoja darasa hili la kwanza la walimu limalize, Mwalimu," akasema. "Halafu nitaondoka mwenyewe, sitangoja kusukumwa. Na neno hili lifagie pamoja na takataka za randa yako."

Nikaapa kwa mama aliyenizaa!

Ndipo nilipoelewa. Kwetu sisi mdogo humtangulia mkubwa kwa salamu. Kila asubuhi tulimwamkia shikamoo, naye akajibu mmoja mmoja: "Marahaba Gibsoni, kifua kimepoa? Marahaba Zakaria." Nani angemdhania? Salamu zetu ndizo zilizokuwa macho yake.

Sasa nawataja, wasikie wakitaka. Mwalimu Gibsoni Charo na Mwalimu Zakaria Mwadime! Gibsoni alikuwa msaidizi wa Mkuu, mtu wa shati jeupe na maneno ya asali. Alinifuata kwenye karakana.

"Fundi, una watoto wangapi?"

"Watano."

"Mgeni akija, watakula vumbi la mbao?"

Akanieleza kwamba tusingoje Mzee aondolewe na watu wa mbali. Sisi wenyewe tukionyesha kuwa amechoka, Halmashauri itachukua mtu wa humu humu, yaani yeye Gibsoni. Na akishika yeye, cheti changu nani atakiuliza? Alichokosa ni ushahidi tu.

Ushahidi nikampa mimi. Kwa mdomo wangu huu! Hakunipiga, hakuninywesha tembo. Niliogopa tu, nikaona afadhali aanguke yeye kuliko mimi.

Zakaria alipoambiwa alicheka hata akashika mbavu. "Kumbe tunamwongoza kipofu kwa shikamoo zetu!" Wakapanga papo hapo. Siku Halmashauri itakapokuja, asiamkiwe na mtu. Kimya... basi.

Nilimdokezea mke wangu, Dama. Akaacha kukuna nazi. "Mtu mzima apite mbele yako usimwamkie? Hata mbwa hutikisa mkia, baba Karisa!" Nikamwambia mambo ya kazi hayajui, akune nazi yake.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi tulijipanga barazani, walimu saba, na wageni watatu wa Halmashauri. Gibsoni alikuwa ameshawanong'oneza wageni wanyamaze, waangalie. Mzee akatoka ofisini na koti lake jeusi, mgongo umenyooka. Akangoja sauti... hakuna. Akakohoa. Akasema, "Karibuni wageni wetu," ameielekea nguzo!

Padre mzungu akamnyooshea mkono. Mkono ukabaki hewani, Mzee akapita. Akaja mpaka mbele yangu, akasimama. Alikuwa karibu hata pumzi zake nikazisikia. Alisimama kitambo. Neno moja tu, ndugu zangu! Wallahi lilifika kwenye meno. Nikamtazama Gibsoni, akanikazia macho... nikalimeza.

Mzee akageuka, akaikosa ngazi, akaanguka kwa magoti mchangani. Hata hapo hakuna aliyemwambia pole. Hata mimi.

Wiki ile haikwisha, akaambiwa apumzike. Darasa lake la kwanza lilikuwa limebakiza miezi mitano.

Na Gibsoni je, alipewa? Thubutu! Alikuja yule yule mgeni tuliyekuwa tukimwogopa. Siku ya tatu akauliza vyeti. Nilikuwa wa kwanza kutoka, Zakaria akanifuata. Gibsoni yupo mpaka leo, msaidizi vile vile. Tukikutana karibu na stesheni hujifanya anatazama garimoshi. Mimi nilirudi kwenye masanduku ya bandarini, na vijana niliowahi kuwafundisha kushika msumeno wakinipita wamevaa viatu.

Miaka miwili nilikaa na aibu hii. Mwishowe Dama akaniambia, "Nenda kwake. Mimi nimechoka kulala na mtu anayesaga meno." Nikaenda kwao Kaloleni, nusu ya njia kwa miguu. Nikamkuta amekaa uani anasokota kamba ya makumbi, macho yamefumba kabisa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, Mwalimu," akasema. "Watoto hawajambo?"

Nikapiga magoti, nikaanza kuungama. Akanikatiza. Akasema siku ile barazani alisikia harufu ya mbao mbichi, akajua aliye mbele yake ni mimi.

"Nikasema moyoni, huyu ataniamkia sasa hivi. Nikakungoja."

Hakunilaani. Angenilaani ningepata usingizi! Alinikaribisha muhogo wa kuchemsha, tukala, akanisindikiza kwa fimbo mpaka mwisho wa ua. Mwezi uliofuata akafa.

Nyinyi mnaoajiriwa, makarani, walimu, watu wa reli, nisikilizeni. Najua mnakaa mkihesabu siku za mkubwa wenu, kesho atakuwapo au hatakuwapo, na nyinyi mtakula wapi. Hofu hiyo naijua, siwacheki. Lakini ukiona amechoka, mfuate umwambie usoni kwake. Usiinunue nafasi yako kwa siri aliyokuamini nayo, na usimtie mikononi mwa Gibsoni wako, kwa maana kila ofisi ina Gibsoni wake.

Kazi niliikosa vile vile. Na yule mzee alikuwa amesimama akiningoja.